Somo: Mafuta ya meli yakimwagika, jirani anaombwaje msaada?

Wadau wa pwani, hamjambo. Leo tusome jambo ambalo wengi hulikumbuka fukwe zikishanuka: mafuta ya meli yamemwagika kuliko nchi inavyoweza kuyadhibiti, msaada wa nje unaombwaje, unaingiaje, na nani analipa.

Msingi wake ni Mkataba wa OPRC, wa nchi kujiandaa na kushirikiana dhidi ya uchafuzi wa mafuta, uliopitishwa Novemba 1990 chini ya Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, baada ya meli ya mafuta Exxon Valdez kupanda mwamba na kumwaga mafuta kule Alaska Machi 1989. Ulianza kutumika Mei 1995. Kenya na Tanzania zimejiunga nao.

Mfano tutakaoufuata ni Wakashio. Tarehe 25 Julai 2020 meli hiyo ya Mjapani, yenye bendera ya Panama, ilipanda matumbawe ya Pointe d'Esny, Mauritius. Haikuwa na shehena, ilikuwa tupu ikielekea Brazil. Lakini kwenye matangi yake yenyewe ilikuwa na karibu tani 4,000 za mafuta ya kuendeshea mitambo. Yalianza kuvuja 6 Agosti. Kati ya tarehe hizo mbili kuna siku 12, nanyi zikumbukeni tukifika hatua ya nne.

Hatua ya 1: Nahodha aripoti papo hapo. Anaripoti kwa nchi ya pwani iliyo karibu, hata kama mafuta hayajamwagika bali yanaelekea kumwagika. Hasubiri ruhusa ya mwenye meli. Aseme yuko wapi, ni mafuta gani, kiasi gani, upepo na mkondo vikoje.

Hatua ya 2: Pima mafuta yanakwenda kwa nani. Mafuta hubebwa na mkondo kwa kasi yake yote, na upepo huyasukuma kwa takriban asilimia 3 ya kasi ya upepo wenyewe. Chukua msimu wa kusi: mkondo wa pwani yetu unapanda kaskazini, tuseme kwa noti 2, yaani maili 2 za bahari kwa saa. Kwa saa 24 mafuta yamekwenda maili 48 za bahari kabla hujauhesabu upepo. Yaliyomwagika jirani na Pemba jana, leo yanaweza kuwa kwenye mikoko ya Vanga, Kenya. Ndiyo maana mkataba unailazimisha nchi kuwaarifu bila kuchelewa wote wanaoweza kuguswa. Mafuta hayaujui mpaka.

Hatua ya 3: Amua ngazi. Kuna ngazi tatu: ile ambayo bandari inaiweza peke yake, ile inayotaka nguvu ya taifa au ya majirani, na ile inayotaka dunia. Ukisitasita kati ya mbili, chagua ya juu. Kuwarudisha watu ni rahisi kuliko kuwaita wamechelewa.

Hatua ya 4: Omba mapema, na omba kwa vipimo. Hapa ndipo penye uzito. Mkataba unaitaka kila nchi iwe imeshaitaja mamlaka yenye haki ya kuomba msaada kwa niaba yake. Imeshaitaja, yaani kabla ya ajali. Kama bado mnaulizana nani atie saini, mafuta hayawasubiri.

Barua isiseme "tusaidieni". Iseme: mita ngapi za vizuizi vinavyoelea, yale maboya marefu ya kuzungushia mafuta, vya maji tulivu, pampu za mafuta mazito, mtaalamu wa mikoko. Kule Mauritius, mafuta yalipoanza kutoka, Ufaransa ilileta vifaa kutoka Réunion, kisiwa chake kilicho jirani, kwa ndege na meli ya jeshi, Japani ikatuma wataalamu, India ikatuma zaidi ya tani 30 za vifaa na walinzi wa pwani kumi. Wote walifika baada ya tarehe 6 Agosti. Huku nyuma wananchi walikuwa wakishona magunia ya kitambaa, wakiyajaza majani makavu ya miwa na kuyafungia chupa tupu za plastiki ili yaelee. Nawaheshimu sana watu wale. Lakini zile siku 12 zinaniuma kila ninapozitaja. Takriban tani 1,000 zilimwagika.

Hatua ya 5: Fungua mlango. Pampu ikikwama forodhani ni sawa na kutokuwa na pampu. Mkataba unazitaka nchi zirahisishe kuingia na kutoka kwa meli, ndege, watu na vifaa vya uokoaji. Mipango hiyo iandikwe sasa.

Hatua ya 6: Andika kila kitu. Boti gani, saa ngapi, watu wangapi, lita ngapi za dizeli. Piga picha. Ndizo kumbukumbu za kudaia gharama baadaye.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mwalimu. Sisi wavuvi tukiona mafuta, tumwage sabuni ya unga yapotee?*

Marahaba. Msifanye hivyo kabisa. Hayapotei, yanasambaa ndani ya maji na kuwafikia samaki na matumbawe. Hata dawa rasmi za kutawanya mafuta ni za maji yenye kina, tena kwa kibali. Toeni taarifa bandarini au kwa afisa uvuvi. Na msiingie kwenye mikoko: miguu inayakanyagia mafuta topeni, na humo yatakaa miaka.

*Hao wageni wanaokuja, bili ni ya nani?*

Nchi ikiomba, inarudisha gharama za waliokuja, isipokuwa wamekubaliana vingine. Aliyekuja kwa hiari yake anajilipia. Aliyeomba anaweza pia kusitisha, ila atalipa kilichokwisha kutumika. Baadaye gharama hudaiwa kwa mwenye meli na bima yake. Angalizo: ile mifuko ya kimataifa ya fidia ni ya mafuta yaliyotoka kwenye meli zinazobeba mafuta kama shehena. Wakashio haikuwa ya aina hiyo, kwa hiyo mifuko hiyo haikuihusu.

*Mimi nalima mwani. Yakinifikia nitalipwa?*

Dada yangu, unaweza kudai, ila utaulizwa ulikuwa unavuna kilo ngapi. Anza daftari leo: tarehe, kilo, bei, jina la mnunuzi. Kila bamvua piga picha ya shamba lako likiwa zima.

*Hatuna bajeti ya mazoezi makubwa. Tufanyeje?*

Kwa kufuatilia mkondo, rusheni gunia moja la machungwa baharini badala ya mafuta, muone yanaishia ufukwe gani. Zoezi la pili ni simu tu. Chukua orodha ya namba za dharura iliyo kwenye mpango wenu, upige zote saa 8 usiku, na uandike ni zipi zilizopokelewa.