Kuhara damu kukikoma, anza kuhesabu mkojo

Nauza maziwa Busia, upande wa Uganda. Juu ya friji yangu kuna daftari dogo la mistari. Ninalo tangu mtoto wa dada yangu, akiwa na miaka mitatu, alipohara siku nne. Siku ya pili kilitoka choo chenye damu, tumbo likimkata hadi anajikunja. Nilinunua vidonge vya kufunga tumbo dukani. Siku ya tano choo kikatulia, nikachinja kuku. Siku ya saba akaamka macho yamevimba, viganja vyeupe, na tangu jana yake jioni hakuwa amekojoa.

Kuna aina za bakteria waitwao E. koli, pamoja na aina moja ya wale waitwao Shigela, zinazotoa sumu iitwayo Shiga, jina la Mjapani Kiyoshi Shiga aliyegundua bakteria wa kuhara damu mwaka 1897. Bakteria hubaki utumboni, lakini sumu huingia kwenye damu na kuumiza kuta za mishipa midogo ya figo. Damu huganda humo vipande vipande, chembe nyekundu zikipita zinachanika, na figo hushindwa kuchuja. Mara nyingi hili hutokea kama wiki moja tangu kuhara kuanze, wakati mama ameshapumua.

Kwa hiyo, ukiona damu kwenye choo, mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyo hiyo. Vidonge vya kufunga tumbo usimpe, wala antibayotiki ya kujinunulia: kuhara kwa Shigela huihitaji, lakini kwa E. koli ya sumu baadhi ya dawa hizo zinaweza kuongeza hatari. Mwache mhudumu aamue. Homa ikipanda, panadol. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki huumiza figo za mtoto aliyeishiwa maji. Mpe ORS kidogo kidogo kila anapohara. Pakiti zikikosekana, chukua maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko, vijiko vyote vya kusawazishwa.

Daftari linaanza hapo. Kila akikojoa, piga mstari na uandike saa na rangi. Endelea wiki mbili, hata akiwa anacheza. Kuhara maji kunaficha mkojo, hivyo mkalishe kwenye poti na uangalie kwa macho yako. Wa nepi, pima uzito wa nepi kwa mkono. Akimaliza muda wa saa sita mfululizo mchana bila kukojoa, au akipauka, akivimba uso, akitoka madoa mekundu, akilala kupita kiasi au akidegedeka, nenda hospitali. Mkojo ukikatika usimlazimishe kunywa maji mengi, kwa sababu hayana pa kutokea.

Huku kwetu mashariki mkojo mweusi kama kola unajulikana kuwa wa malaria, na mara nyingi ni kweli. Ndiyo maana hata asipokuuliza, mwambie daktari: “Wiki iliyopita alihara damu.” Mimi sikusema, na tulipoteza siku nzima. Omba apimwe damu na figo.

Nauza maziwa, basi niseme na hili. Ng'ombe hubeba bakteria hao bila kuugua. Chemsha maziwa hadi yapande, hata ya kutengenezea bongo, yaani maziwa ya mgando, na usiyarudishe kwenye jerikeni lililobeba mabichi. Nyama ya kusaga ya kababu na sambusa iive hadi katikati, maana mashine huingiza ndani uchafu uliokuwa juu ya nyama. Mtoto akitoka kucheza na ndama, sabuni kabla ya chapati.

Wetu alilala wodini siku kumi na tisa, akaongezewa damu, figo zikarudi. Kila mwaka tunampeleka kupima presha na protini kwenye mkojo, kwani madhara yanaweza kujitokeza miaka mingi baadaye. Siku hizi daftari lina majina ya watoto wa majirani, kila mmoja na ukurasa wake.