Kupima kimo cha farasi na poni, na kuisoma nukta ya kipimo cha hendi

Kimo cha farasi, au cha poni (farasi wa aina ndogo), hakipimwi kichwani. Hupimwa kutoka ardhini hadi kilele cha mabega, pale shingo inapoishia na mgongo unapoanza, kwa sababu kichwa hupanda na kushuka ila mfupa huo hubaki pale pale. Huku Uganda, iwe ni mazizi ya Jinja au farasi wanaobeba watalii kando ya Ziwa Mburo, kipimo hiki humsaidia saisi kumpa mpandaji mnyama wa kumfaa.

1. Fimbo. Iwe ngumu, imenyooka, ina alama za sentimita, na mkono unaoteleza kwa pembe mraba ukiwa na pimamaji juu yake. Fundi wa Katwe, Kampala, ataitengeneza ukimchorea. Futi ya mshonaji iache kabisa: hufuata mviringo wa bega na kumwongezea farasi kimo asichonacho.

2. Sakafu. Zege, si maramu wala nyasi. Ipime kwa pimamaji pande zote mbili, kwani sakafu nyingi huteremka kidogo ili maji ya mvua yatoke. Fimbo ikisimama upande wa chini, kimo kitazidi.

3. Msimamo. Hapa usiharakishe. Kwato za mbele ziwe sambamba, miguu ya mbele wima, uzito umegawanyika sawa, asipumzishe mguu hata mmoja. Utosi uwe karibu usawa na mabega. Farasi hana mfupa wa mtulinga. Kifua chake kimening'inia kwa misuli katikati ya mabega mawili. Akiogopa, misuli hukaza na kifua huinuka, hivyo farasi yule yule huonekana mrefu zaidi. Kwa hiyo mzoeze fimbo kwanza: anuse, umguse nayo shingoni, kisha mgongoni. Subiri ashushe pumzi ndipo ushushe mkono wa fimbo, uguse mfupa bila kukandamiza. Mtembeze, mrudishe, upime tena. Vipimo vitatu vikikaribiana, chukua cha kati. Vikitofautiana sana, mnyama hajatulia. Ahirisha.

4. Kwenda hendi. Biashara ya farasi hutumia hendi, na hendi moja ni inchi 4, yaani sentimita 10.16. Usiiite mkono: mkono wetu ni dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na utamchanganya mnunuzi.

Nukta ya hendi si nukta ya desimali. 15.1 maana yake ni hendi 15 na inchi 1. Baada ya nukta huja 0, 1, 2 au 3 tu. Ikifika 4 imekuwa hendi nyingine, kwa hiyo 15.4 haipo, ni 16. Kosa hutokea kwenye kikokotoo. Chukua farasi wa sentimita 155. Ukigawa kwa 10.16 unapata 15.256. Ukiikaribisha uandike 15.3, umetangaza farasi wa inchi 63, sentimita 160, na umemrefusha kwa sentimita 5. Njia salama ni kupitia inchi: 155 gawanya kwa 2.54 ni takriban 61. 61 gawanya kwa 4 ni 15, baki 1. Andika 15.1. Vivyo hivyo 14.2 ni inchi 58, si hendi 14 na sehemu mbili za kumi.

5. Poni au farasi? Katika mashindano ya kimataifa, poni hazidi sentimita 148 bila viatu vya chuma, au 149 akiwa navyo. Lakini jina halifuati kimo tu. Farasi wa Iceland ni mfupi na bado huitwa farasi. Farasi wa polo, mchezo wa kupiga mpira ukiwa juu ya farasi, huitwa poni hata wakifika hendi 15. Poni wa Shetland huko Uingereza hutajwa kwa inchi, mwisho 42. Basi tangazo likisema "poni", ulizia sentimita.

6. Rekodi. Sentimita kwanza, hendi baadaye, tarehe, umri, na kama alivaa viatu vya chuma. Farasi wa miaka mitatu apimwe tena mwakani, bado anakua.