Kabla ya kuipasha gereji joto kwa maji ya moto

Wengi huanza kwa kuuliza boila ipi, yaani mtambo wa kupashia maji moto, ni bora. Mimi ningeuliza kwanza habari ya sakafu: zege limeshamwagwa, au bado?

Kama bado, hiyo ni nafasi usiyoipata mara ya pili. Mabomba ya plastiki aina ya PEX hulazwa ndani ya zege, yakapitishwa maji ya nyuzi 30 hadi 45 tu, na sakafu nzima ikatoa joto taratibu. Anayelala chini ya gari kufungua nati atakwambia raha yake. Ila kila kitu lazima kiwe tayari kabla zege halijamwagwa. Chini tandika mbao za polistirini, lile povu gumu la kuzuia joto lisipotee, zenye unene wa sentimita 5 hivi, na pembeni usisahau, kwa kuwa kingo za sakafu hupoteza joto kuliko katikati. Chagua mabomba yenye tabaka la kuzuia oksijeni. Bila tabaka hilo, oksijeni hupenya kidogo kidogo hadi kwenye maji, na vyuma vya boila na pampu vinaliwa na kutu. Mzunguko mmoja wa bomba la nusu inchi usizidi mita 90 hivi. Ukirefuka zaidi, maji humaliza safari yamepoa.

Jaza mabomba presha na uiache humo wakati zege linamwagwa. Mshale wa geji ukishuka, kuna bomba limetobolewa na bado unaweza kuliziba. Piga picha sakafu yote huku futikamba imetandazwa kando ya mabomba, maana ipo siku utataka kutoboa. Na kama una ndoto ya mashine ya kunyanyulia gari, mahali pa bolti zake pasipite bomba hata moja.

Zege likiwa limeshakauka, sioni sababu ya kulivunja. Kuna rejeta za ukutani, yaani paneli zinazopitiwa na maji ya moto, na kuna hita ya feni inayoning'inizwa darini: maji ya nyuzi 60 hadi 80 hupita kwenye koili yake, feni ikapuliza joto chumbani. Hata mwenye gereji mpya aifikirie hii. Sakafu ya zege huchukua saa nyingi kupata moto, kwa hiyo anayeingia gerejini saa mbili tu kwa wiki atamaliza kazi yake kabla joto halijafika. Feni humfaa zaidi.

Sasa ndipo tuje kwenye boila. Ukubwa wake hutokana na joto linalopotea kupitia dari, kuta na hasa ule mlango mkubwa, basi ziba nyufa za mlango kwanza, kisha ndiyo upige hesabu. Boila kubwa kupita mahitaji huwaka na kuzima ovyo, na huchakaa mapema.

Kwenye baridi kali, maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na kupasua bomba. Kinga yake ni propileni glaikoli, kimiminika kinachochanganywa na maji ili yasigande. Ethileni glaikoli, ile ya kwenye rejeta za magari, ni sumu kali kwa watoto na wanyama, tafadhali usiiweke. Kama joto litatoka kwenye boila ya nyumba, weka kibadilisha joto katikati, kifaa kinachopitisha joto bila kuchanganya maji ya pande mbili, ili glaikoli ibaki upande wa gereji.

Kuna hatari moja ambayo singependa mtu yeyote aipuuze. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi ukutane na cheche. Boila ya gesi au mafuta ikilazimika kukaa gerejini, iwe ile ambayo chumba chake cha kuwakia moto kimefungwa, inayovuta hewa yake kutoka nje. Kanuni za Marekani, kwa mfano, huagiza kwamba kiwashio kisichokingwa dhidi ya mvuke huo kiinuliwe angalau inchi 18, yaani sentimita 46 hivi, kutoka sakafuni. Na kwa vile kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokanayo na moto wa boila, haina harufu, funga king'ora chake ndani ya nyumba, karibu na vyumba vya kulala, kabla boila haijawashwa mara ya kwanza.