Kupanda ua wa mnyaa bila kuunguzwa na utomvu

Mbegu yake unaomba tu kwa jirani. Hapa Tanga watu huzungushia kiwanja mnyaa kwa sababu haugharimu kitu, mbuzi hawana hamu nao na kiangazi hakiuui. Balaa ni yale maziwa meupe, kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye kukata kuliko kupanda.

Kwanza vaa: mikono mirefu, glavu za mpira, miwani. Huna ya kazi? Hata ya jua. Upepo uwe mgongoni, na usikate tawi lililo juu ya uso wako. Pigo moja la panga linarusha matone, na mara nyingi anayeumia ni yule aliyekushikia tawi. Kata peke yako, watoto wawe mbali.

Pili, kata vipande vya urefu wa mkono, uvilaze kivulini siku kadhaa hadi pale palipokatwa pakauke. Ukivifukia vibichi vitaoza.

Tatu, masika yakianza chimba mtaro, visimamishe vikikaribiana, shindilia udongo. Basi.

Panga lioshwe kwa sabuni kabla utomvu haujaganda. Matawi yaliyobaki usiyachome. Moshi wake nao unawasha macho.

MASWALI

*Shikamoo mwalimu. Ukiingia jichoni, maziwa ya mama yanasaidia?*

Marahaba mwanangu. Hapana. Osha kwa maji safi yanayotiririka, robo saa au zaidi, bila kusugua, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Usidanganyike maumivu yakiwa madogo mwanzoni. Huweza kuzidi baada ya saa kadhaa, na macho kuona ukungu. Ukifika Bombo, hospitali yetu ya hapa Tanga, taja mnyaa, wasidhani ni vumbi. Wengi hupona wakiwahi matibabu, ila anayechelewa anaweza kubaki na kovu.

*Bibi alikuwa akidondoshea kwenye chunjua na jino bovu. Niendelee?*

Chunjua hutoka kweli, maana utomvu unaunguza nyama. Lakini hauchagui: ngozi isiyo na chunjua nayo inaungua, na ukiumeza, tumbo litakukomesha. Tena wanasayansi wanauhusisha na saratani ya taya ya watoto, ile aliyoieleza daktari Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa Uganda. Wanaona unaweza kuamsha virusi vya Epstein-Barr vilivyojificha mwilini. Mimi kinywani mwa mtu siutii.

*Huku Pangani vijana wanaponda matawi, wanatia kwenye vidimbwi samaki waelee. Vipi?*

Kuvua kwa sumu ni kosa, Sheria ya Uvuvi ya 2003 imekataza. Vinakufa hadi vifaranga ambavyo hakuna atakayevila. Na mwenye kuponda ndiye anayerukiwa usoni.

*Tukipasua fenesi tunapaka mafuta ya nazi mikononi. Na kwa mnyaa je?*

Ulimbo wa fenesi unanata tu, ndugu yangu. Huu unachoma, na mafuta yatausambaza. Sabuni na maji mengi, halafu usijiguse uso mpaka umeosha mara ya pili.