Jinsi ya Kulitumia Neno "Shoga" Katika Mazungumzo ya Wahusika

Mwandishi wa tamthilia au mfasiri wa filamu anayetaka kuliweka neno "shoga" kinywani mwa mhusika wake hana budi kujua kwanza ni nani anayesema na anamwambia nani. Mwanamke akimwita hivyo mwanamke mwenzake, amemwita rafiki. Mwanamume akimwita hivyo mwanamume mwenzake, amemtukana kwamba hufanya mapenzi na wanaume, na huenda ugomvi ukaanzia hapo.

Anza na wanawake, kwa kuwa huko ndiko neno lilikostawi. Unguja, Mombasa au Dar es Salaam, kauli kama "Shoga, hebu onja mchuzi huu, chumvi imekolea?" haina ubaya wowote. Andika "shoga yangu" na "mashoga zangu", au "shogaangu" ukitaka msomaji asikie sauti ya mzungumzaji. Chunga rika pia: binti hamwiti shoga mama mkwe wake wala jirani aliye makamo ya mama yake, na akifanya hivyo amemvunjia heshima, hata kama hakukusudia.

Usidhani, hata hivyo, kwamba wanawake hawagombani kwa neno hilo. Katika mipasho ndilo linalotangulia: "Shoga, dera hilo ni lako au umeazima?" Hapo kijembe kimo katika maneno yanayofuata, na neno lenyewe linabaki na sura yake ya urafiki, jambo linalomnyima anayepashwa nafasi ya kulalamika kwamba ametukanwa. Kwa hiyo usiongeze alama za mshangao wala maelezo kwamba amesema kwa hasira. Mwache aseme kwa upole, kwani upole huo ndio unaouma.

Kwa wanaume mambo hugeuka. Mara nyingi anayelitamka hana habari yoyote ya faragha ya mwenzake. Anachotaka ni kumrudisha mstarini kijana aliyelia baada ya kufungwa mpirani, aliyekataa bia, au aliyeonekana akimwoshea mkewe vyombo. "Acha ushoga" humaanisha "acha kufanana na mwanamke", na kwa maoni yangu tusi hilo humdhalilisha pia mwanamke ambaye hakuwapo kwenye mazungumzo. Mhusika wako akitukanwa hivyo mbele ya wenzake, fikiria vizuri jibu lake, maana akinyamaza ataonekana amekubali, na akicheka itabidi acheke kuliko wote.

Kumbuka vilevile kwamba tusi hili laweza kuwa shtaka. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara kinatoa kwa ngono "kinyume cha maumbile", ikiwamo ya wanaume wao kwa wao, adhabu isiyopungua miaka 30 na inayoweza kufikia kifungo cha maisha, na kifungu cha 162 cha Kenya kinafikia miaka 14 hata kwa walioridhiana. Mhusika anayepigiwa kelele ya "shoga" barabarani ana sababu ya kuogopa polisi na umati pia, na onyesho linaloichukulia kelele hiyo kama utani mtupu halitaaminika. Ukihitaji kumtaja mtu wa namna hiyo bila kumtukana, sema waziwazi kwamba ni mwanamume anayependa wanaume wenzake.

Sehemu ngumu zaidi ni mwanamke anapomwambia mwanamume. Akiwa na hasira, ameazima silaha ya wanaume, nayo hukata vilevile. Lakini mteja akimwambia msusi wake wa kiume, "Shogaangu, leo nisuke twende kilioni," amemkaribisha katika duara la wanawake, na msusi huenda akafurahi. Iweke kauli hiyo ndani ya saluni, mlango ukiwa umerudishwa. Ukiihamishia kituo cha daladala bila kubadili neno hata moja, mteja huyo atakuwa amemwanika rafiki yake.

Mwisho, angalia hadhira. Nairobi na maeneo mengi ya bara, wengi wanaijua maana ya tusi tu, kwa hiyo wanawake wawili wanaoitana shoga watawachanganya watazamaji. Huko tumia "rafiki yangu" au "besti". Kwa wasichana wa Dar es Salaam, "shosti" linatosha.