Kazi za programu za ndege na ulinzi: watu wa Malindi mlioko nje, anzeni na makaratasi

Jamani mlioko Marekani na Uingereza mnaotaka kuandika programu kwenye makampuni ya ndege, satelaiti na silaha, upande wa ufundi msiuogope sana. Ni lugha za programu za C, C++, bado kuna Ada, halafu DO-178C, ule utaratibu wa programu za ndege wenye daraja A mpaka E, A ndio ile ikifeli ndege inaweza kuanguka, kwa hivyo kila kitu kinapimwa na kuwekewa ushahidi. Hayo mtu anajifunza. Wetu wengi wanakwama kwa makaratasi.

Marekani kuna ITAR, sheria ya kuzuia teknolojia ya kijeshi isitoke nje: data za vyombo vya kijeshi ni za raia, mwenye grini kadi au mkimbizi aliyekubaliwa rasmi. Ukiwa na viza ya kazi ya H-1B peke yake, mwajiri inabidi aombe leseni ndio akuonyeshe hata mchoro, na wengi hawajisumbui. Kibali cha kushika siri za serikali ni cha raia, na hujiombei, mwajiri ndiye anakuombea. Uingereza kibali chao kinachoitwa SC kwa kawaida wanataka uwe umeishi kule miaka 5.

Sasa fomu ya SF-86, ile ya Marekani ya kuombea kibali, hapa nawaomba mtulie. Inauliza wazazi, ndugu, wakwe, tarehe zao za kuzaliwa na wanapoishi, na sisi babako ni Athman kwenye kitambulisho, Othman kwenye cheti chako cha kuzaliwa, mamako tarehe yake ni 1 Januari kwa sababu karani hakuwa na nyingine ya kuandika. Piga simu nyumbani sasa hivi kabla hujaitwa kazini, mdogo wako apige picha vitambulisho vya wote. Majina yakitofautiana yaandike yote, tarehe usiyoijua weka tiki kwenye kisanduku cha makadirio, usibuni. Kiwanja chako cha Ngomeni andika. Hela unazomtumia mama kwa M-Pesa andika, uraia pacha pia, katiba yetu ya 2010 inauruhusu na wao hawakukatai kwa hilo pekee, wanachokataa ni kufichwa.

Ukishapata kibali, likizo ya kuja Malindi unairipoti kabla, na laptopu ya kazi iache huko huko, maana kuja nayo ikiwa na data za ITAR kunaweza kuhesabiwa kusafirisha teknolojia nje, hata kama hukuifungua. Binamu akikuomba umuonyeshe unachofanya, mwambie hapana, kwa upole.

Na ambaye hana karatasi bado? Anga ni kubwa kuliko silaha. Uhuru, satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa maalum kupima miali ya X kutoka angani, ilirushwa hapa Ngomeni 12 Disemba 1970, na satelaiti yetu ya Taifa-1 imeruka 2023. Programu za vyombo vya anga kama cFS ya NASA na F Prime ya JPL, maabara ya NASA, ile iliyoendesha helikopta ya Ingenuity kule Mars, ziko wazi kwa mtu yeyote, zishushe, rekebisha hitilafu moja, uiweke kwenye CV.