Slabu imeshuka, bima inasita: jinsi ya kumpata wakili wa mgogoro wa ujenzi na bima

Mgogoro wa ujenzi ukiwa na bima ndani yake, ujue una mashauri mawili yanayotumia karatasi zilezile. Mwenye jengo amezuia malipo. Mkandarasi anasema michoro ndiyo yenye kasoro. Kampuni ya bima imekaa kimya ikisubiri kuona nani ataandika nini, maana sentensi moja ya haraka inaweza kuipa sababu ya kutolipa. Wakili anayejua upande mmoja tu anaweza kukushindia huku na kukuangusha kule.

Mimi ni mkadiriaji majenzi. Huitwa kuhesabu hasara na kutoa ushahidi wa kitaalamu, kwa hiyo nimewaona mawakili kazini kutoka kiti cha pembeni, na nimeona mafaili ya wateja yakiwa yamenyooka na yakiwa yameharibika. Ninachoandika hapa kinahusu Tanzania Bara, na kimelengwa kwa mkandarasi mdogo au mtu anayejenga ghorofa lake mwenyewe. Chukua mfano huu: ni masika, zege la slabu ya ghorofa ya pili linamwagwa, mihimili ya muda inateleza, slabu inashuka na kuvunja kuta za chini. Mkandarasi ana bima ya hatari zote za ujenzi.

Hatua ya 1: Toa taarifa kwa bima leo, lakini iwe fupi

Hii haimsubiri wakili. Polisi nyingi za bima ya ujenzi (yaani hati za mkataba wa bima) zinataka taarifa mara moja, na maneno yanayotumika sana yanasema kampuni haitawajibika kwa hasara ambayo haikupokea taarifa yake ndani ya siku 14. Piga simu, kisha andika barua au barua pepe ili ubaki na ushahidi.

Andika kilichotokea, mahali, tarehe na saa, na kwamba mnaomba mkaguzi aje. Basi. Usiandike sababu. Usiandike kwamba fundi alikosea kufunga mbao, wala kwamba mhandisi alichora nondo pungufu. Siku hiyo hakuna anayejua sababu kwa uhakika, na barua hiyo utaikuta tena mezani mwaka unaofuata.

Usisafishe saiti. Zuia watu wasiingie, ondoa kile tu kinachohatarisha maisha, na piga picha na video kabla hujakigusa. Polisi nyingi zinakutaka uache vitu vilivyoharibika vikaguliwe. Nondo zikishauzwa chuma chakavu, ushahidi wako umeondoka nazo.

Hatua ya 2: Kusanya karatasi kabla ya kwenda ofisini kwa wakili

Upande wa ujenzi: mkataba, BOQ (orodha ya kazi, vipimo na bei zake), michoro yenye sahihi na mihuri, kibali cha ujenzi, hati za malipo zilizokwishatolewa, kumbukumbu za vikao vya saiti, daftari la saiti, na majibu ya vipimo vya zege. Upande wa bima: polisi nzima pamoja na viambatisho vyake, fomu ya maombi uliyojaza mwanzoni, na risiti ya ada ya bima. Watu wengi huja na ile karatasi moja ya juu tu, wakati yale yanayoamua nani alipwe yako kurasa za ndani. Kama huna polisi kamili, mwandikie wakala au dalali wako wa bima aitume leo.

Ujumbe wa WhatsApp nao ni ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu kumbukumbu za kielektroniki kupokelewa, mradi uhalisi wake uonyeshwe. Usifute mazungumzo, usibadilishe simu bila kuyahifadhi, na usitegemee picha za skrini pekee. Angalia pia kama mkataba ulilipiwa ushuru wa stempu. Usiolipiwa unaweza kukataliwa kama ushahidi mpaka ushuru na adhabu vilipwe, na ni vibaya kuligundua hilo siku ya kusikilizwa.

Hatua ya 3: Hakikisha ni wakili kweli

Vishoka wako wengi kuzunguka mahakama na ofisi za serikali, na huwawinda watu waliochanganyikiwa. Wakili wa Tanzania Bara yuko kwenye orodha ya mawakili, ni mwanachama wa Tanganyika Law Society, na ana cheti cha kufanya kazi cha mwaka husika, ambacho huisha Desemba 31. Mahakama ina mfumo wa mtandaoni wa kuangalia hali ya wakili kwa jina. Angalia mwenyewe, usitosheke na muhuri. Na mtu anayekufuata saiti siku ya tukio akikuahidi mamilioni, mpite.

Hatua ya 4: Mazungumzo ya kwanza ndiyo mtihani

Hapa usiharakishe. Zungumza na mawakili wawili au watatu ukiweza, na wape karatasi kabla ya kikao. Umaarufu wa ofisi si kipimo changu. Ninachotazama ni maswali ambayo wakili anauliza.

Wakili anayefaa atafungua mkataba kwanza atafute kifungu cha usuluhishi. Mikataba mingi ya majengo, ikiwemo ile ya Baraza la Taifa la Ujenzi, inapeleka mgogoro kwa msuluhishi, yaani mtu anayesikiliza pande zote na kutoa uamuzi, kabla ya mahakama. Sheria ya Usuluhishi ya 2020 inampa mpinzani wako nafasi ya kuiomba mahakama isimamishe kesi mkaheshimu kifungu hicho. Wakili anayekimbilia kufungua kesi bila kukisoma atakula ada na miezi yako, kisha mtarudi mlipoanzia. Muulize pia aliwahi kuendesha usuluhishi wa ujenzi na msuluhishi alikuwa mtu wa taaluma gani. Mbele ya msuluhishi mhandisi, hoja hujengwa kwa vipimo na ratiba za kazi kuliko hotuba.

Kisha mpe barua ya bima inayosema haitalipa kwa sababu ya ufundi mbovu, na umsikilize. Katika maneno yanayotumika sana kwenye bima hizi, gharama ya kurekebisha kile kilichojengwa vibaya hailipwi. Lakini zuio hilo linaishia kwenye kitu chenyewe. Kuta za chini zilizojengwa sawasawa, zikavunjwa na slabu iliyoanguka, zinaweza kudaiwa. Kasoro ya mchoro ni jambo jingine, kwani zuio lake mara nyingi ni pana zaidi. Wakili anayeona tofauti hiyo ataniomba mimi, au mkadiriaji mwingine, nigawe hasara mafungu mawili: slabu na mihimili huku, vilivyoharibiwa nayo kule. Asiyeiona atadai jumla moja, na jumla hiyo itakataliwa nzima.

Mwulize hivi: “Tukiiambia bima chanzo ni hiki, kitatufanya nini kwenye shauri la mwenye jengo?” Mkandarasi anayemwandikia mwenye jengo kwamba michoro ilikuwa mibovu, ili alipwe, anaweza kuwa ameikabidhi bima lile zuio la kasoro ya michoro. Mwenye jengo anayemsamehe mkandarasi kwa maandishi anaweza kuharibu haki ya bima ya kumdai mkosaji baada ya kulipa, na bima ikatumia hilo kumkatalia. Kwa hiyo maelezo yanayotoka yawe mamoja, yaandikwe na mtu mmoja, na yasubiri ripoti ya mhandisi.

Mwisho wa kikao, uliza kama yeye au ofisi yake inamhudumia mpinzani wako au kampuni hiyo ya bima. Na hata kama mwenye jengo na mkandarasi ni ndugu, kila mmoja awe na wakili wake.

Hatua ya 5: Ada, kwa maandishi

Viwango vinaongozwa na amri ya malipo ya mawakili, Tangazo la Serikali Na. 264 la 2015, lakini mengi hukubaliwa mezani. Andikianeni kazi inaanzia wapi na kuishia wapi: barua ya madai tu, au mpaka uamuzi? Je, rufaa imo? Nani anamlipa msuluhishi, mhandisi na mkadiriaji? Gharama hizo huwashtua watu kuliko ada yenyewe. Dai risiti ya EFD. Ukishinda na kupewa gharama, usitarajie zirudishe kila shilingi uliyomlipa wakili.

Hatua ya 6: Andikeni tarehe ukutani

Dai la mkataba lina miaka 6, la uzembe miaka 3. Watu husikia hivyo wakatulia, ilhali polisi yenyewe inaweza kuwa na kifungu kinachofanya dai lionekane limeachwa kama hukuchukua hatua ndani ya miezi 12 tangu likataliwe. Mwambie wakili akitafute wiki ya kwanza na akueleze nguvu yake. Kama mwenye jengo ni halmashauri au taasisi ya serikali, kuna notisi ya siku 90 kabla ya kushtaki. Kwa dai dogo la bima, muulize kwanza kuhusu ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambayo imewekwa na Sheria ya Bima ya 2009.

Hatua ya 7: Usisaini vocha peke yako

Bima ikikubali kulipa italeta vocha, yaani karatasi ya kuridhia malipo, na kwa kawaida inasema malipo haya ni kamili na ya mwisho. Mkandarasi mwenye vibarua wanaodai na duka la saruji linalompigia simu husaini hapohapo. Namwelewa kabisa, lakini sahihi hiyo inaweza kufunga dai la kuta kwa sababu ya fedha za usafishaji tu. Mpe wakili karatasi kabla hujashika kalamu, amwandikie meneja wa madai kwamba mnapokea kiasi kisichobishaniwa, kwa vipengele vilivyotajwa kimoja kimoja, na mengine yanabaki wazi. Kampuni ikikataa maneno hayo, mwambie akuwekee kwenye ukurasa mmoja kiasi unachopewa leo, kiasi kilichobaki na gharama ya kukidai. Ukishausoma, amua wewe.